Santuri za Bwana Kreni

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mengi, na katika uzee huu namshukuru zaidi kwa masikio, maana macho yamekwisha nitupa mkono na magoti yanalalamika kila nikiinuka kwenye mswala. Masikio bado mazima. Kwa hiyo nasikia vizuri kabisa, wanangu, jinsi mnavyosikiliza. Mnaufungua wimbo, mwimbaji hajavuta pumzi ya pili, mmekwisha urukia mwingine. Nikiuliza mnatafuta nini, mnanijibu, "Babu, tunatafuta mzuri." Huo mzuri mtaujuaje, nanyi hamjakaa na hata mmoja mpaka ukaisha?

Kijana mmoja hapa mtaani, anayejifunza kutengeneza spika, ameniomba nimwandikie niliyoyaona katika kazi ya redio na gramafoni. Naandika, na wengine msome. Ila msiruke.

Kazi yetu ilikuwa kuua kelele. Aliyenifundisha ni Fundi Kassim, wa Mtwara mjini, mtu mfupi, kofia yake imekaa upande, mwenye subira na vyombo na asiye na subira na watu. Redio ikiletwa alinikataza kuifungua.

"Sikiliza kwanza. Inasema nini?"

"Inavuma, Fundi."

"Inavuma vipi? Nyuki anavuma, bahari inavuma, na mama mkwe wangu anavuma. Yupi kati ya hao?"

Ikivuma kama nyuki, kapasita imechoka, kile kikopo kidogo kinachotunza umeme. Ikikwaruza unapozungusha kitufe, ni vumbi na chumvi ya hewa yetu ya pwani. Ikikoroma kwenye sauti nzito, karatasi ya spika imechanika. Ikipiga mluzi, kuna waya mahali umekaa karibu na mwenzake isivyofaa. Nilijifunza kuzitambua sauti hizo kama mnavyotambua nyayo za baba yenu koridoni, na nilizichukia zote, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Ilikuwa miaka ile ya sitini ikielekea ukingoni. Bandarini Mtwara alikuwako Mzungu mmoja, fundi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, tukimwita Bwana Kreni. Alituletea gramafoni yake, inazunguka polepole kama mtu aliyelazimishwa. Ugonjwa wenyewe mdogo, mkanda wa mpira umelegea. Nikaubadilisha, nikaweka santuri aliyoiacha humo ili nijaribu mashine.

Ikavuma. Nyuki watupu. Nikabadilisha kapasita. Nikaweka tena, nyuki wale wale, na sasa kuna mkwaruzo. Nikasafisha kila kitufe. Nikaweka tena, ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha ikanyamaza kabisa, kisha kikalia kitu kama kifuniko cha sufuria kinachozunguka sakafuni. Fundi Kassim akanisukuma kando, akabadilisha sindano, akafungua spika. Adhuhuri ikatukuta, tukasali, tukarudi. Alasiri ikatukuta tumelala kifudifudi juu ya mashine nzima iliyokwisha kuwa vipande.

Bwana Kreni alipokuja nilimwomba radhi. Nikamwambia mkanda umepona ila kuna magonjwa mengine yamejificha. Akaomba asikie. Tukaunganisha vile vipande, akasikiliza, akakaa juu ya sanduku la vyuma akicheka mpaka machozi.

"Hii si ugonjwa, Fundi. Hii muziki."

Fundi Kassim akauliza kwa upole wa kutisha, "Nani kaupiga?"

"Mtu mmoja. Anachukua sauti ya vitu kwenye tepu, anakata na mkasi, anaunga."

"Basi huyo," akasema Fundi Kassim, "ana mkasi na hana kazi." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo mpaka anafariki, Mungu amrehemu, mashine ikitushinda alikuwa akisema, "Labda muziki."

Mimi lakini nilibaki nimesimama. Siku nzima nilikuwa nimezisikiliza sauti zile kama askari anavyomsikiliza mwizi. Nilipoambiwa hakuna wizi, nikamwomba Bwana Kreni aipige tena. Safari hii nyuki hawakuwa kapasita. Walikuwa wakitoka mbali, wakakaribia, wakapita juu ya kichwa changu, wakaenda. Mkwaruzo ukawafuata kama mtu anayeburuta kitanda chumba cha pili. Sijui niwaambieni nini zaidi. Nilikuwa nimezijua sauti hizo miaka mingi na sikuwahi kuzisikia.

Mkataba wake ulipokwisha, nami nimekwisha kufungua duka langu Mikindani, chumba kimoja chini ya nyumba ya mawe, alikuja akanishushia kreti zima la santuri za namna ile. Alisema ananipa kwa kuwa kati ya watu wote aliowahi kuwapigia, ni mimi tu niliyeomba kusikia mara ya pili. Majalada yake hayakuwa na sura ya mtu, ila mistari na madoa. Kulikuwa na moja ambamo mtu ameingiza mkono ndani ya piano anazikwanyua nyaya zake kama anachambua samaki. Nyingine sauti za watu wengi bila neno hata moja. Nyingine kwa kitambo kirefu hakuna kitu, kisha mlango unalia.

Hapa niweke la kazi kidogo, kijana wa spika asije akasema nimemnyima. Santuri ya pwani huoshwa kwa maji ya mvua na sabuni kidogo, ikaukie kivulini. Usiipake mafuta ya nazi ili ing'ae, nimeletewa nyingi za harusi zilizopakwa, sindano inateleza kama mlevi. Iliyopinda iweke katikati ya vioo viwili, uitoe nje kwenye jua la asubuhi, siyo la mchana. Sindano ikirukaruka weka sarafu nyepesi juu ya mkono wake, na uwe na haya, usiweke nzito, inachimba.

Sasa nina hazina na sina wa kula naye. Hilo ndilo jambo ambalo ninyi wenye simu hamlijui. Kitu ukikipenda peke yako kinakuwasha. Nilimpigia mke wangu Mwanahawa, mwanamke mwema aliyenivumilia kuliko nilivyostahili.

"Baba Salma," akaniuliza, "hiyo mashine inaumwa, au inakuumiza wewe?"

"Sikiliza tu. Usitafute wimbo."

"Nisitafute wimbo kwenye santuri. Haya. Nikienda sokoni nisitafute samaki?"

Wiki moja baadaye nilikuta bakuli jipya mezani, jeusi, lina kingo za mawimbi, limejaa korosho. Ulikuwa mtindo wa siku zile, santuri mbovu hutumbukizwa kwenye maji ya moto, ikilegea inafinyangwa juu ya bakuli. Nikaligeuza. Katikati kuna kibandiko chenye madoa kama ya jalada lake. Ilikuwa ile ya mlango.

"Niliisikia ikilia," akasema Mwanahawa, "nikajua imekufa. Nilidhani nakusaidia. Hizo nyingine ukizichoka zinatosha seti nzima."

Majirani nao wakaanza. Kelele za duka la redio walizizoea, ila walisema hizi hazina mwisho wa kutegemea. Nikaona niende kwa Sheikh Bakari, aliyenifundisha Kurani nikiwa mtoto, maana mimi sikupenda kufanya jambo lenye shaka bila kumwuliza. Akaja baada ya adhuhuri, akakaa barazani na tasbihi yake. Nikampigia upande mzima. Alisikiliza kwa adabu kamili.

"Uliniambia ni muziki," akasema mwishoni.

"Ndiyo, Sheikh."

"Mimi siwezi kutoa hukumu ya kitu ambacho sijakisikia. Nimesikia sufuria. Nimesikia mvua juu ya bati. Nimesikia mtu mwenye mafua. Kipi kati ya hivyo nikuharamishie?" Akavuta punje mbili tatu za tasbihi. "Inakupitishia sala?"

"Hapana."

"Vitu vyote alivyoviumba vina sauti zake, naye anazisikia zote. Wewe hujaamrishwa uzipende, wala hujakatazwa kuzisikia. Lakini yule jirani yako mgonjwa analala mchana, na jirani ana haki yake. Hapo ndipo penye dhambi, mwanangu, na ni dhambi ya spika, siyo ya santuri. Zitoe hapa nyumbani."

Ndivyo nilivyofika kwa Bwana Ahmadi.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa mji, mrefu, nadhifu, kalamu mfukoni hata akienda kuvua ngisi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza vipaza sauti vya ukumbi huo bure, kwa hiyo hakuweza kunifukuza mlangoni. Jumamosi palikuwa pa dansi, siku nyingine mikutano. Jumapili baada ya alasiri palikuwa patupu, na wacheza karata walikuwa wamekwisha paomba.

"Nikupe saa nzima ya ukumbi wa umma upige mlango?" akaniuliza. Habari zilikuwa zimeenea.

"Mlango umekuwa bakuli, Bwana Ahmadi. Nitapiga nyingine."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni hakukatalii kwa hasira, anakupa kanuni. "Sikiliza, Fundi. Ukumbi si wa mtu mmoja. Niletee mtu mmoja tu akae santuri nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiari yake. Asiwe ndugu yako, na usiwe umemlisha. Ukimpata, saa hiyo ni yako na ufunguo nakupa. Usipompata mpaka Ramadhani ikiingia, wanaingia wa karata."

Nikaona ni jambo jepesi. Mtu mmoja, katika mji mzima.

Wanangu, nimezeeka nikisubiri watu. Nimesubiri vipuri kutoka Dar es Salaam masika yote barabara imekatika. Hakuna kusubiri kulikonichosha kama Jumapili zile. Alikuja mwalimu wa shule, nikafurahi. Alikaa mwanzo mpaka mwisho na aliongea mwanzo mpaka mwisho, akinieleza sauti zile zina maana gani, hata nisisikie yeye wala zenyewe. Bwana Ahmadi, aliyekuwa akikaa nyuma kwenye kiti chake cha mikono ili ashuhudie, akasema huyo amehutubia, hakusikiliza. Akaja mchuuzi wa chumvi, akakaa kimya kabisa, nikamshukuru Mungu moyoni mpaka aliposhindana na santuri kwa kukoroma. "Kulala si kukaa," akasema Bwana Ahmadi. Wakaja akina mama wanne wamefukuzwa na mvua. Mvua ikakatika katikati ya upande wa pili, wakaondoka wakiniombea dua ya uponyaji.

"Nao walikuwa wamekaa vizuri," nikamwambia Bwana Ahmadi.

"Walikuwa na mvua, Fundi. Wewe hukuwa nao."

Nje ya ukumbi alikuwa akikaanga mihogo binti mmoja aitwaye Rosa, wa familia zilizovuka Ruvuma kukimbia vita vya Wareno. Jumapili moja mihogo ilikwisha mapema, akaingia na mtoto mgongoni, akakaa benchi la mwisho. Mimi nikaweka santuri niliyoipenda kuliko zote, ile ya nyuki, ya siku ya kwanza. Wakaja kutoka mbali, wakakaribia. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Rosa hakuwa kwenye benchi. Alikuwa chini yake, amelala juu ya mtoto.

Niliinua sindano kwa pupa nikaikwaruza santuri. Bwana Ahmadi mwenyewe alipiga magoti na kanzu yake nyeupe, akamsaidia kutoka. Rosa akajipangusa vumbi, akasema taratibu, kama anayetuomba radhi sisi, "Kule kwetu ndege zikija hivyo, huangalii juu." Akabeba karai lake akaenda.

Ile santuri nimeiweka. Sikuipiga tena mbele ya mtu. Nami sikuwa tena na hamu ya Jumapili, nikaona pengine mke wangu amesema kweli, nipike zote ziwe mabakuli. Nilimwambia hivyo. Mwanahawa, ambaye nilitegemea achemshe maji, akanitazama. "Umeahidi mpaka Ramadhani," akasema. "Nenda ukashindwe vizuri."

Jumapili iliyofuata nilimkuta mzee amekaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, chale za Kimakonde usoni. Nikamjua. Ni Mzee Chilumba, baba yake Rosa, kiongozi wa wapiga ngoma, anayeitwa katika sherehe zote za jando toka Mikindani mpaka kando ya mto. Nikajua amekuja kunichapa, na nikaona ana haki.

"Wewe ndiye uliyemtisha mwanangu?"

"Mimi, mzee. Nisamehe. Sikujua."

"Alisema hukujua. Basi nipigie na mimi nisikie. Isiwe ile."

Nikaweka ile ya mkono ndani ya piano. Mzee Chilumba akainamisha kichwa. Hakujikuna, hakuangalia mlango. Kulipolia kitu kwa chini akatikisa kichwa kidogo, kilipolia cha juu akakunja uso kama aliyeonja chumvi imezidi. Upande wa kwanza ukaisha, nikaigeuza santuri. Nyuma nilisikia kiti cha Bwana Ahmadi kikilia, amejisogeza mbele. Upande wa pili ukaisha. Nilitaka kulia.

Mzee Chilumba akainua uso. "Wanaziotesha moto vizuri," akasema. "Ile ndogo bado ina unyevu. Sasa wanaanza kupiga saa ngapi?"

Kwa asiyejua: ngoma zetu huku zina ngozi inayolegea kwa hewa ya bahari. Kabla ya kupiga lazima zioteshwe moto, na mpigaji anaigongagonga kila moja kwa kidole, anasikiliza imefika wapi, anairudisha motoni. Mzee Chilumba alikuwa amekaa saa nzima kwa heshima ya fundi kwa fundi, akiwangoja wenzake wa ng'ambo wamalize kuotesha.

Bwana Ahmadi alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Alipoweza kusema, nikamwambia, "Amekaa mwanzo mpaka mwisho."

"Alikuwa akingoja, Fundi. Kungoja si kusikiliza."

"Kanuni yako haikusema hivyo."

"Sasa inasema. Mweleze kuwa hakuna ngoma inayokuja. Akirudi Jumapili ya mwisho akakaa tena, akijua, nitakupa ufunguo mbele ya wa karata."

Ningeweza kunyamaza, nimwache mzee arudi akidhani wataanza wiki ijayo. Wazo hilo lilinijia, sitawadanganya, lakini ushindi wa namna hiyo ningekaa nao vipi kwenye mswala? Siku ya tatu nikaenda kwake, nje ya mji, kwenye mikorosho. Nilimkuta na wenzake wanaotesha ngoma za sherehe ya jirani. Akanipa ngoma ndogo nishike, bila kuniuliza.

"Igeuze. Usiioke, si muhogo."

Nikaisogeza mno, ngozi ikanuka, wakanipigia kelele wote pamoja, akaninyang'anya. Basi nikakaa pembeni na aibu yangu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikasikiliza. Makuti makavu yanapasuka. Kidole kinagonga, kinangoja. Ngoma kubwa inajibu kwa uzito, ndogo inajibu kama mtu aliyeziba pua. Zinarudi motoni, zinagongwa tena, kila moja imepanda kidogo, hakuna inayosubiri nyingine, na ghafla mbili zinakutana bila kukusudia, kisha zinaachana. Nimezaliwa huku. Nimesikia jambo hilo kila mwaka wa maisha yangu, na kila mwaka nilikuwa nikiuliza wataanza lini.

Nikamwambia, "Mzee, wale wa kwenye santuri hawaanzi."

"Wanaanza siku gani?"

"Hawaanzi kabisa. Ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndivyo walivyotaka."

Akaacha kidole juu ya ngozi. Mwenzake akageuka kumtazama.

"Wanaotesha, kisha wanaondoka?"

"Wanaondoka."

"Na watu hawawatukani?"

"Wanawatukana sana."

Akaigonga ngoma, akaisikiliza. "Sisi wapigaji, raha yetu ipo hapa," akasema. "Watu wakishafika ni kazi." Hakuniambia kama atakuja.

Jumapili ya mwisho wa Shaabani ikafika. Wacheza karata walikwisha panga meza zao barazani. Bwana Ahmadi kwenye kiti chake cha mikono, ufunguo juu ya goti. Benchi la mbele tupu. Nilikawia kadiri nilivyoweza, nikafuta santuri iliyokwisha futwa, nikajaribu sindano iliyokwisha jaribiwa.

"Anza, Fundi," akasema Bwana Ahmadi, na hakusema kwa ubaya.

Nikaweka sindano. Nyaya zikaanza kukwanyuliwa ndani ya ukumbi mtupu. Mara nikasikia makuti yanapasuka, nikadhani ni santuri, lakini santuri hiyo naijua. Nikaenda dirishani. Mzee Chilumba na wenzake walikuwa wamewasha moto uwanjani, ngoma zimeuzunguka. Aligonga moja kwa kidole, akainua kichwa kuelekea dirisha, akasikiliza kinachojibu, akaigeuza ngoma. Rosa alikuwa karibu yake na karai la mihogo, mtoto mgongoni. Nikageuza spika moja itazame nje.

Zilikwenda hivyo pamoja. Piano inakwanyuliwa ndani, kidole kinagonga nje. Watu wakaanza kutoka majumbani, maana huku ukisikia ngoma zinaoteshwa unajua kuna jambo. Wanawake wakafunga kanga viunoni tayari. Wacheza karata wakaacha karata zimelala kifudifudi. Upande wa pili ukaanza, uwanja umejaa, na kila mtu amenyamaza akinyemelea ule mpigo wa kwanza.

Santuri ikaisha. Nikainua sindano. Bwana Ahmadi akakohoa.

"Fundi, nasikitika. Mzee hakuingia ndani. Alikuwa nje akifanya kazi yake. Kanuni ni kukaa."

"Kweli," nikasema. "Lakini wewe umekaa."

"Mimi?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Hujalala, hujahutubia, na mvua hakuna. Si ndugu yangu, wala sijakulisha."

"Mimi ni kamati," akasema. "Na sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nangoja wale wa nje waanze."

Pale uwanjani mtu akapaza sauti, "Mzee Chilumba, zimeshika hizo. Piga sasa." Wengine wakadakia, "Piga, mzee, tunangoja."

Mzee Chilumba akaigonga ngoma kubwa mara moja ya mwisho, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe. Akaifunga kwa shuka yake, akaitia begani.

"Leo hatuanzi," akasema. "Twendeni nyumbani."

Mnaweza kuwaza maneno aliyoambiwa. Mji mzima ulimlalamikia, hata wa karata. Alipita katikati yao taratibu, na alipofika chini ya dirisha langu akanitazama kama mtu aliyetamani jambo hilo tangu ujana wake.

Nilipogeuka, Bwana Ahmadi alikuwa bado kwenye kiti, sikio moja limeelekea dirishani, ingawa nje hapakuwa tena na kitu ila moto unaokufa na watu wanaonung'unika. Nilimwacha. Baada ya kitambo akainuka, akapanga kanzu yake vizuri, akaweka ufunguo juu ya gramafoni, akatoka.